Barabara Iliyotolewa Kaburini

Mume wangu Raymundi alikuwa nyapara wa barabara tangu ananioa, na mpaka leo nikisikia harufu ya lami nafunga dirisha. Miaka yote ile alisimama penye mapipa yanayochemka akiwasimamia watu. Barabara ikiisha, sifa zinakwenda kwa mwenye kandarasi, yeye anarudi nyumbani na kikohozi cha kifua. Daktari wa misheni alimwambia waziwazi: ondoka kwenye moshi huo, la sivyo hutazeeka. Aondoke aende wapi? Akalime tumbaku Ipole kwa kifua kile? Jamani, watu wengine kusema ni rahisi.

Vita vya pili vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, mabaraza ya mji yameanza, ndipo siku moja likabandikwa tangazo bomani. Anatafutwa mtu wa kutia lami barabara ya kutoka stesheni mpaka Chemchem, njia ile ile waliyopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani. Na safari hii Mwafrika naye anaruhusiwa kupeleka bei yake. Raymundi alirudi na furaha tele.

"Mama Justus," akasema, "nikiipata tenda hii, mimi ndiye nitakayeajiri nyapara. Sitasogelea pipa tena."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Hatukutaka utajiri. Nilitaka mume wangu apumue tu.

Mwingine aliyeitaka tenda hiyo alikuwa Mabruki, Mzaramo wa pale Ng'ambo, mwenye lori. Babu yake alipanda na msafara kutoka pwani, akaoa huku huku. Sasa, Mzaramo na sisi Wanyamwezi mnatujua: ni watani. Mabruki akikuta nyama jikoni kwangu anakula, na mimi sina ruhusa ya kununa. Nilikuwa nanuna kimoyomoyo.

Siku chache kabla ya tenda kufungwa, baba mkwe akafariki. Tukafika makaburini, padri kasimama na maji yake ya baraka, mara Mabruki huyo, akaruka ndani ya kaburi na kulala chali.

"Hazikwi mtu hapa!" akapiga kelele. "Mzee huyu ni mpagazi wa babu yangu, katoroka na mzigo. Nilipwe kwanza!"

Watu wakacheka, hata waliokuwa wanalia. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Akapewa kuku, akakataa. Akapewa shuka, akakataa.

"Nataka barabara ya Chemchem!"

Hapo ndipo watu walipovunjika mbavu. Padri akatazama jua. Raymundi alikuwa kachoka, macho mekundu, hajala tangu jana yake. Akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Chukua. Chukua barabara, bwana, niache nimzike baba yangu."

Mabruki akatoka, akajikung'uta udongo, akashika kamba pamoja na wafiwa na kumshusha mzee taratibu kuliko sisi wenyewe.

Tuliporudi nyumbani nikadhani yamekwisha. Bei ilikuwa tayari, kilichobaki ni kuipeleka tu. Raymundi akasema haendi.

"Barabara nimeshaitoa."

"Ule si utani?"

"Kwa mtani ukishatoa umetoa. Na nimetoa mbele ya maiti ya baba."

"Basi kamuulize mwenyewe kama alikuwa na maana."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Nikamuulize mtani wangu kama alikuwa anatania? Bora nimtemee mate usoni."

Loo! Nikajifunga kanga nikaenda mwenyewe Ng'ambo, aibu nimeiacha nyumbani. Nikamkuta mkewe, Kuluthumu. Bwana kaondoka na lori kwenda Goweko, na siku ya kurudi hakusema. Nikajua anajificha. Njia nzima nilimtukana: mwizi mkubwa, kaona mtu ana msiba ndipo akapata pa kuingilia.

Siku ya mwisho ya tenda Raymundi alivaa shati lake la kanisani, akakaa uani. Akakaa mpaka boma likafungwa. Nilimchukia siku ile, na huku namwonea huruma.

Tenda ikachukuliwa na bwana mmoja kutoka Mwanza, ambaye hata Chemchem alikuwa haijui iko upande gani. Akatafuta nyapara. Nyumbani tulihitaji kula, Raymundi akaenda.

Siku moja mchana nikampelekea uji. Nikamkuta Mabruki palepale, anashusha kokoto, yeye na lori lake wote ni vibarua wa bwana yule.

"Shemeji, nipe na mimi," akaniita, "mimi mtumwa wako."

Nikaiweka sufuria chini. "Wewe! Tenda uliyomnyang'anya mwenzio kaburini, ikakushindaje?"

Akanishangaa. "Tenda gani? Mimi sikupeleka bei. Mtu anamzika baba yake, nimtanie, halafu nimchukulie kweli? Mimi mnyama? Nilikwenda Goweko makusudi, nisije nikaingiwa na tamaa." Akamgeukia Raymundi. "Nilikuachia wewe, bwana. Kwani hukupeleka?"

Raymundi alikuwa kashika kikombe, hajanywa. "Mimi nilikwambia chukua," akasema.

Nikangoja mmoja wao acheke. Watu wale hawajawahi kukutana wakakosa kutukanana, lakini siku ile hakuna aliyemtukana mwenzake. Mabruki akaokota koleo lake. Mimi nilitaka kuwatandika wote wawili kwa mwiko niliokuwa nao, na nilitaka kukaa chini pale barabarani nilie.

Filimbi ya bwana wa Mwanza ikalia. Raymundi akanirudishia kikombe, uji umo vilevile. Akajifunga kitambaa puani, akarudi kwenye pipa.