Kamusi na Unga wa Mama

Enzi zetu pale mtaa wa Bigo, mjini Bunia, Kiingereza kilikuwa kitu cha redio na cha wafanyabiashara waliotoka Uganda. Sisi shuleni tulikuwa watu wa Kifaransa. Basi siku mwalimu alipoandika ubaoni "look after", tulimwomba maana yake kwa Kifaransa tuinakili, twende zetu kuruka kamba. Akakataa. Alisema maana yake tutaibeba nyumbani, kila mtu kwa zamu.

Alichotubebesha ni kamusi, moja tu kwa shule nzima, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa viatu. Ijumaa unapewa, Jumatatu unairudisha. Zamu yangu ilipofika nilitembea polepole hadi mbuzi wakanipita. Mama, ambaye hakusoma hata darasa moja, aliiweka juu ya kabati la vyombo na kutukataza kukohoa karibu nayo.

Kesho yake asubuhi risasi zikaanza. Tulikimbia kwa miguu kuelekea Komanda, mdogo wangu mgongoni kwa mama, gunia la unga kichwani mwake na kamusi kwapani. Njiani mvua kubwa ikatukuta. Tulikuwa na kipande kimoja tu cha nailoni, nacho kilifunika unga. Mama akakitoa, akaifunga kamusi. Unga ukalowa wote, tukautupa. Nililia kwa hasira, maana nilikuwa na njaa kweli. Akaniambia, "Unga ilikuwa yetu, tutatafuta ingine. Hii kitabu iko ya watu."

Miezi kadhaa baadaye tulirudi, na mama akaipeleka kamusi shuleni mwenyewe. Sisi wanafunzi ndio tuliozoea kusimama mwalimu akiingia. Siku hiyo mwalimu alifunua kurasa, zote kavu, kisha akainuka kitini, akasimama wima mbele ya mama.

"Mama, weye ndiyo unajua ile neno," akasema taratibu. "Siye tulikuwa tunaiandika tu."

Mama hakuuliza ni neno gani. Aliomba ruhusa aondoke, kwani alikuwa ameanika mihogo.

Watoto wetu wa leo wana kamusi zote mfukoni, na mfuko wenyewe wanausahau kwenye pikipiki. Juzi binti yangu aliuliza simu maana ya neno lilelile, ikamjibu papo hapo kuwa ni kutunza, akaridhika, akaendelea na video zake. Mara mama yangu akaingia kutoka uani na sinia la maharagwe, anapapasa ukuta kwa sababu macho yamechoka.

Nikasimama wima mbele yake. Binti yangu akaniuliza ninaenda wapi.