Kuku Waliooshwa kwa Birika

Mwaka 1992, nikiwa na miaka thelathini na minne, ukame ulinimalizia ngamia kule Eldas. Nikaja Garissa na mke wangu, tukasimamisha kibanda mtaa wa Galbet. Shule nimeonja darasa la pili tu, lakini sikumnyooshea mtu mkono. Nilikata kuni, nikauza, nikanunua kuku.

Kwetu mwanamume hachungi kuku. Hiyo ni kazi ya watu wanaolima mtoni. Shemeji yangu akipita uani kwangu hupiga mluzi kama anaita ngamia. "Shemeji, leo umewanywesha kisima gani?"

"Ngamia wako walikufa na wangu," nikamwambia. "Sasa wewe unachunga nini, upepo?"

Mayai nilipeleka kwenye mahoteli ya soko. Halafu yale niliyoacha yalaliwe yakaacha kuanguliwa. Kuku analalia, siku zinatimia, unapasua yai: maji yananuka. Nilibadilisha jogoo, bure. Kuku wakizeeka bila vifaranga, nimerudi kwenye kuni.

Akaja daktari wa ndege, mwanamke kijana wa Nairobi, aliyekuwa akichunguza kanga upande wa Masalani. Alisema katika njia ya yai huishi vidudu visivyoonekana kwa macho. Vingine humlinda kifaranga, vingine huliua yai kabla halijapata ganda. Alitaka kujua kuku wangu wana vidudu vipi. Mimi namshika kuku, yeye anatia kijiti cha pamba katika tundu la nyuma, kijiti kwenye chupa, chupa kwenye kasha la barafu. Tangu ngamia wafe, hapo ndipo nilipoanza tena kutumaini kitu.

Alikuja hivyo mara kadhaa. Siku moja akaja amekunja uso.

"Mzee, maabara haikuotesha kitu. Kuku wako hawana hata mdudu mmoja. Haiwezekani."

Mke wangu akacheka kwa fahari. "Watakuwaje nao? Kila nikisikia unakuja, nawaosha kwa birika. Na sabuni. Kwa kidole, mpaka ndani."

Daktari akakaa chini pale pale vumbini. "Lakini mama, kwa nini?"

"Mavi ya kuku ni najisi. Nimpe mgeni najisi mkononi? Wallahi, watu watasema nini?"

Alisema kweli. Mama yangu angefanya vilevile. Na maji yenyewe mke wangu aliyapunguza kwenye ya kupikia.

"Basi msiwaoshe tena," daktari akasema. "Nitarudi mvua ikikatika."

Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulimtangulia. Kuku walipinda shingo, wakahara kijani, wakafa wote. Daktari alipofika na kasha lake nilimwonyesha shimo nilimowafukia.

"Fukua, uchukue."

"Waliooza hawanifai, mzee."

Hakusema kwa ubaya. Akanywa chai, akaenda zake, hakurudi. Mpaka leo sijui nini kiliua mayai yangu, na wa kuniambia hayupo. Shemeji hakupiga mluzi tena. Hiyo iliniuma kuliko mluzi.

Nikashika shoka.

Leo nina nyumba ya mabati, vyumba viwili. Punda mmoja, jicho moja halioni. Mkokoteni. Mbuzi wanne. Redio. Tangi la maji lenye ufa. Kuku sina.