Kidole cha Shoka

Watu wa sokoni walimwita Shoka, na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama nyuma ya meza ya bucha akipasua mifupa, na uboho kwake ulikuwa kitu cha kumwongezea mteja mzuri ili mchuzi ukolee. Basi daktari alipomweleza kwamba uboho ndio kiwanda cha damu, kwamba humo hutoka chembe nyekundu za kubeba hewa, nyeupe za kupigana na vijidudu na nyingine ndogo za kuziba majeraha, aliikumbuka meza yake. Mifupa mingapi alikuwa amewatupia mbwa!

Kiwanda cha dada yake mdogo wa mwisho, fundi cherehani, kilikuwa kimegoma. Kati ya ndugu watano, ni Shoka peke yake ambaye uboho wake ulilingana na wa dada huyo. Akasaini karatasi za kumtolea uboho bila hata kuzisoma.

"Sasa nisikilize, kaka," nesi akamwambia. "Leo tunaanza kumpa dada yako dawa za kuua uboho wake wa zamani. Baada ya siku saba hatakuwa nao kabisa. Kwa hiyo usiugue, usianguke, na kisu usiguse. Wewe ukiharibikiwa, yeye hana pa kurudi."

"Siku saba nyumbani? Mke wangu atanichoka."

"Heri akuchoke."

Siku nne alikaa ndani, mkewe akimlinda kama yai. Ya tano akapita bucha, eti kuchungulia tu. Akamkuta mwenzake anahangaika na paja la ng'ombe, uvumilivu ukamshinda. "Hebu lete hapa!" Kisu kikateleza, kikazama kwenye kidole chake cha shahada. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari hii guu lilikuwa la mwingine.

Akakifunga kitambaa, akatia mkono mfukoni, akamsihi mwenzake afunge mdomo. Kulipokucha kidole kilikuwa kimevimba na kinapwita.

Aliogopa, wala tusimfichie. Akisema, huenda wakamkataa, na dada yake abaki kitandani mifupa mitupu. Asiposema, huenda akampelekea uchafu wa bucha kwenye mwili usio na hata askari mmoja mlangoni. Alizunguka uani, akaingia ndani, akatoka tena. Mkewe alipouliza mbona chai imepoa, alisingizia tumbo. Mficha maradhi kifo humuumbua, alijikumbusha, lakini kifo hiki kisingekuwa chake.

Saa sita mchana alisimama mbele ya nesi, akautoa mkono mfukoni.

"Tangu lini?"

"Jana."

"Jana! Na ukanyamaza?"

"Niliogopa mtanikataa."

Nesi hakuwa na muda wa kugombana. Alimpima joto, akamtoa damu, akaliosha jeraha, akampa dawa na kumwonyesha benchi. Shoka alikaa pale saa nne nzima akihesabu vigae vya sakafu na kupoteza hesabu. Kila mlango ulipofunguka, alisimama.

Mwishowe daktari akatoka. "Homa huna, damu yako ni safi. Uchafu haujavuka kidole. Ungesubiri uenee, nisingekugusa. Kesho saa mbili asubuhi tunaendelea, na leo unalala hapahapa."

Shoka alilia mbele za watu, wala hakujifuta.

Walimlaza usingizi wakamtoa uboho kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma. Alipozinduka kiuno kilimuuma kama aliyepigwa teke na fahali. Wake ungejijenga upya ndani ya wiki chache, walimhakikishia. Ule aliopewa dada yake, ulioingia kwa dripu kama damu ya kawaida, hakuna aliyeuwekea dhamana. Siku kumi na saba walipima wasione chembe nyeupe hata moja, na kila simu ilipolia Shoka alimpa mkewe apokee. Siku ya kumi na nane zikaonekana, chache mno, lakini zipo.

Walimruhusu amwone kupitia kioo, wakiongea kwa simu.

"Nimesimuliwa habari ya kidole," dada yake akasema kwa sauti nyembamba. "Ungenyamaza, kaka, ningekufa, na asingekuwepo mtu wa kujua kilichoniua."

"Mimi ningejua," Shoka akamjibu.