Siku Nilipomwua Patron Oscar Kilioni

Wengine wakisimulia aibu zao wanacheka. Miye sicheki. Bado nina hasira, na nikimkumbuka yule mtu wa televisheni aliyekata mchezo katikati, damu inanichemka kama jana. Lakini aibu ni yangu, siwezi kumpa mtu mwingine, basi nitasema yote, hata pale niliporuka miguu ya mama mkwe.

Wakati ule Lubumbashi ilikuwa imelegea pande zote. Kampuni tuliyoifanyia kazi ililipa watu kwa unga, kisha ikaacha hata huo unga, askari waliingia madukani wakatoka na friji mgongoni, na umeme ulikuja kwa zamu, leo avenue yetu hapa Hewa Bora, kesho avenue ya nyuma. Katikati ya fujo hiyo televisheni ikaanzisha mchezo wa kila Alhamisi, wa Patron Oscar, bwana mnene aliyekula mishahara ya wafanyakazi wake huku akiwahubiria uvumilivu. Tulimchukia huyo mtu! (Kila mmoja wetu alikuwa na Patron Oscar wake.) Sasa, waliokosa umeme walikosa mchezo, ndipo nikapata akili: nikaweka radio yangu ya kaseti mbele ya televisheni ya jirani, nikawa narekodi huku naeleza kwa mdomo wangu nani ameingia, nani anadanganya, na kumtukana Oscar kila alipotabasamu. Kaseti zangu zilizunguka mpaka Kenya, mtaa wa huku huku Lubumbashi, watu wakizisikiliza kwa betri, na walisema maneno yangu ni matamu kuliko mchezo wenyewe.

Msikilizaji wangu mkubwa alikuwa Mzee Kapya, mjomba wa Béatrice. Béatrice ndiye niliyetaka kumwoa, na kwao neno la mwisho ni la mjomba. Nilikuwa nimetuma wajumbe zamani, lakini jibu halikuja; kilichokuja kila wiki ni salamu za mzee kuuliza kaseti nyingine iko wapi.

Halafu mchezo ukakatika. Sehemu ya saba, Oscar yuko kitandani, mgonjwa, daktari anafungua mlango... na basi. Alhamisi iliyofuata walituonyesha picha ya maua na muziki. Hakuna aliyetueleza kitu, tukasikia tu mitaani kwamba kamera imeibwa na wachezaji wamegoma. Sehemu saba! Unawapa watu hasira, unawaahidi kwamba mwizi atalipa, kisha unawaonyesha maua? Nikasema, kama wao hawataki kumwua, nitamwua miye.

Tatizo, kaseti tupu hazikuwepo sokoni. Nyumbani nilikuwa na moja tu, ya Béatrice, nyimbo za kwaya yao upande mmoja, upande wa pili haukuwa na kitu. Nikajiambia, nani atajua, nitahamisha baadaye. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Nikarekodi mwisho wangu, nikamwua Oscar, nikamlaza kwenye jeneza, nikamsindikiza kwa matusi yote niliyokuwa nimeyameza tangu kampuni iache kutulipa.

Siku ya tatu, kabla sijampelekea, Mzee Kapya akafariki.

Nikakimbia kwao, Kenya, nilipofika nikakuta kwaya haitakuja, maana gari lao lilikuwa limechukuliwa na askari. Béatrice, macho mekundu, akaniambia, "Sylvestre, leta ile kaseti yetu na radio yako, mjomba asilale mu kimya." Nikaona nimepata nafasi ya kuwa mkwe wa maana. Tena radio yangu haikuwa radio ya ovyo: upande mmoja ukiisha, ilijigeuza yenyewe kwenda upande wa pili. (Nilijivunia hiyo sana, mpumbavu miye.)

Radio ikawekwa chumbani, karibu na marehemu, wanawake wamekaa kwenye mikeka, miguu wameinyoosha, mama yake Béatrice katikati. Miye sikuingia. Kwetu mwanamume haingii alipokaa mama mkwe, hamtazami usoni, anapita mbali. Nikakaa nje na wanaume, nikisikiliza kwaya na kupokea shukrani.

Wimbo ukaisha. Nikasikia kle! Kisha sauti yangu, kubwa, yenye furaha:

"Kufa, mwizi weye! Kufa upesi, bantu banangoya kula! Na ule bibi yako halii, anatafuta funguo!"

Halafu, amini usiamini, watu wakacheka! Walidhani ni watani wa marehemu, maana ukoo wa watani una ruhusa ya kumtania maiti mpaka kaburini. Nikaanza kupumua. Lakini Mama Ngoie, mkubwa wa watani hao, akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Apana," akasema. "Hii haiko yetu. Siye hatuyaanza bado."

Na radio ikamjibu: "Anayewasemesha njo miye, Sylvestre wa Hewa Bora!"

Nikakimbilia mlangoni, nikapiga kelele, "Zima! Zima!" Binti aliyekuwa karibu akashika kitufe kingine na sauti ikapanda, sasa avenue nzima inasikia jinsi marehemu alivyo mnene na jeneza halifungiki. Sikufikiri tena. Nikaingia, nikaruka mkeka, nikaruka miguu ya mama mkwe, nikang'oa betri.

Hakuna aliyecheka tena. Mama yule akakusanya miguu yake polepole, akasema bila kunitazama:

"Matusi, tungesamehe. Ndugu yangu alikuwa anapenda matusi yako sana. Lakini unaniruka, miye? Mbele yake?"

Béatrice akanisindikiza mpaka barabarani. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

"Mjomba alishakubali," akasema. "Alikuwa anangoya tu kaseti ya mwisho, akuite, akuambie yeye mwenyewe."

"Na sasa?"

"Sasa neno iko kwa mama."

Neno la mama lilinifikia kabla hata ya mazishi, na mnalijua: hapana. Tangu siku ile simmalizii mtu hadithi yake, akiiacha njiani ibaki njiani. Na yule wa televisheni, popote alipo, sitaki aniombe radhi. Nataka sehemu ya nane. Mzee Kapya aliingoja mpaka akafa, na jibu langu lilikuwa kinywani mwake.