Chungwa la Stesheni
"Shangazi, unatetemeka nini, na yule kijana hata humjui?" Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka saba, tukiwa stesheni, ugenini. Kila safari shangazi alibeba machungwa. Alikuwa akimenya moja taratibu, ganda lisikatike, anamgawia aliyekaa jirani yake nusu, ndipo anamtaja Yesu. Siku ile kijana mmoja, aliyekwisha kumsikia akiwahubiria wengine, alimwahi: "Mama, Mungu wako humsamehe hata mtu aliyemtelekeza mama yake?" Shangazi akasema, "Ngoja nimalize kumenya, mwanangu." Treni ikapiga honi, kijana akaikimbilia; ndipo nilipomuuliza swali lile. Tangu hapo machungwa hayagusi. Huwasalimia wageni kabla hajakaa, jasho likimtoka, na wakimcheka hucheka nao. Juzi, nikiwa kidato cha tatu, tukipanga mizigo, alinijibu swali langu la stesheni: "Kuchekwa na kufukuzwa nimezoea. Naogopa yule kijana bado anangoja nimalize chungwa."