Kitabu Alichochaguliwa Nailantei

Mugure hakuwa akimuuliza kijana yeyote anapenda riwaya za aina gani. Alisema swali hilo huwafundisha watoto uongo: watakutajia kile walichosikia mwalimu akikisifu, kisha wakifika nyumbani wakitumie kufunikia sufuria. Yeye alikuwa na swali lake. Kijana akifika kwenye kibanda chake cha mabati nyuma ya soko la Kitengela, akasimama akikodolea macho zile rafu za vitabu vya mkono wa pili, Mugure angemtazama juu ya miwani na kumwambia, "Kwenu nyumbani kuna kelele ama kumenyamaza?"

"Kelele mob, Auntie. Tuko saba na TV haizimwi."

"Basi shika hii. Mpelelezi ni mama wa kuuza sukuma wiki, hakuna mtu anamshuku. Ukifika ukurasa wa kumi hutasikia TV yao."

Waliotoka kwenye nyumba zilizonyamaza aliwapa riwaya zenye watu wengi, hasa zile za vichekesho vya shule za bweni, ambamo kuna mtu anaibiwa soksi kila sura. Waliogombana na baba zao aliwapa za kihistoria, zenye wafalme na vita, waone kwamba kuna baba wabaya zaidi. Msichana aliyekuja macho yakimlegea kwa mapenzi hakupewa riwaya ya mapenzi hata angelia; alipewa ya kutisha. "Mapenzi uko nayo tayari," Mugure angemwambia. "Nikikuongezea nitakuwa namwaga petroli kwa jiko." Nao waliofiwa aliwapa hadithi za sayansi ya kubuni, za watu wanaohamia kwenye nyota na mashine zinazoota ndoto. Aliamini mwenye matanga hataki kuambiwa habari za makaburi. Mpe mbali, alikuwa akisema, mpe mbali kabisa, atarudi mwenyewe akiwa tayari.

Na wengi walirudi. Wangeingia na sare zao zenye vumbi wakipiga kelele, "Auntie, hiyo story imenibamba vibaya! Si unipatie ingine kama hiyo." Angewapa nyingine isiyofanana nayo hata kidogo, wakanung'unika, kisha wiki ijayo wakaisifu hiyo pia. Ilikuwa furaha yake, na kwa miaka mingi hakuwa na nyingine ya kujivunia.

Msomaji aliyempenda kuliko wote alikuwa Nailantei, binti wa Kimaasai wa Form Three kutoka boma moja upande wa Kisaju. Nailantei alisomea watu wawili. Jioni ng'ombe wakishakamuliwa, aliketi na bibi yake, mama mzaa baba, aliyemwita koko, ambaye hakuwahi kuingia darasani wala Kiswahili hakukimudu. Alisoma sentensi kwa Kiswahili, akaigeuza kwa Kimaa, akasoma nyingine. Hakusoma hivi hivi tu. Mtu wa kitabuni akinong'ona, Nailantei alinong'ona. Akipiga mayowe, mbuzi walishtuka zizini.

Mugure hakuwa amemwona bibi huyo, lakini ladha yake aliijua. Riwaya za mapenzi zilimchosha. "Koko ameuliza," Nailantei angeleta habari akicheka, "kwa nini hao watu wanalilia kwa mvua na nyumba iko hapo." Za upelelezi alizipenda mno, kwa sababu ujanani mwake alifuata nyayo za wezi wa ng'ombe hadi karibu na Loitokitok, na mara nyingi alimtaja mwizi kabla mpelelezi hajamaliza chai yake. Ukweli ni kwamba nusu ya vitabu alivyopewa Nailantei vilichaguliwa kwa ajili ya yule kikongwe.

Nailantei alikuwa na kaka mkubwa, kifungua mimba wa nyumba ile. Jina lake nitalitaja, maana bila jina hadithi hii haieleweki, na wenye msiba wanisamehe. Aliitwa Ledama. Shule zikifungwa ndiye aliyemsindikiza dada yake kibandani, akasimama nje akiegemea nguzo, akikataa kitabu kila alipopewa. "Mimi nasoma ng'ombe, Auntie," angesema. Mwaka jana, alipokuwa akivusha ng'ombe barabara kuu ya Namanga, lori likamgonga. Alikufa palepale.

Nailantei hakuonekana kibandani muhula mzima. Aliporudi alikuwa amekonda shingo.

Sasa, kwa kanuni yake mwenyewe, Mugure alipaswa kumpa riwaya ya nyota na mashine. Mkono ulikwishaifikia. Lakini katika maboksi ya wiki ile kulikuwa na riwaya nyembamba ya mwandishi asiyejulikana, kisa cha kijana wa kichungaji anayemtafuta fahali aliyepotea, anavuka mpaka, anapotelea nyikani, na mwishoni anarudi kwao. Kijana huyo aliitwa Ledama. Mugure alipoliona jina hilo ukurasa wa kwanza, alikitenga kando.

Ili umwelewe lazima ujue kwamba Mugure naye alizika mwana. Kiama aliugua akiwa shule ya bweni, na wazazi walipofika hospitalini, walikuwa wamechelewa. Kwa Wakikuyu jina la marehemu halizikwi. Hurudi nyumbani juu ya mtoto mwingine, na akiitwa huyo mtoto, ni kama yule wa kwanza hajaenda mbali. Tena lina foleni yake. Caro, binti yake Mugure, alizaa mvulana, akaitwa jina la baba mkwe, ndiyo haki. Akazaa wa pili, akaitwa jina la baba yake Caro. Wa tatu ndiye angekuwa Kiama. Caro na mumewe wakasema wawili wanatosha, maisha ni magumu. Mugure alikubali kwa mdomo. Moyoni aliona mwanawe amefungiwa nje ya lango, na tangu hapo alilitaja jina lile kila alipopata upenyo, kanisani, kwenye maombi, hata peke yake akipanga rafu.

Basi jina la Ledama lilipojitokeza kitabuni, aliliona kama baraka iliyokosea nyumba ikaja kwake, naye akaona ni wajibu wake kuipeleka kunakohusika. Hakumweleza Nailantei chochote. Alitaka aone mwenyewe.

"Hii ni yenu," alimwambia tu. "Wewe na koko."

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Wahenga hawakuwahi kuuza vitabu Kitengela.

Mwezi haukuisha kabla mama yake Nailantei hajafika kibandani. Aliitwa Tabitha, mwalimu wa Sunday school, mwanamke mpole aliyependa kuvaa nguo nadhifu. Mkononi alikuwa na kile kitabu, amekifunga kwenye karatasi ya nailoni.

"Karibu, Mama Ledama," Mugure alisema kwa uchangamfu.

Uso wa Tabitha ulikunjamana kama wa mtu aliyekanyaga mwiba. Alikiweka kitabu juu ya meza taratibu.

"Mimi ni Mama Nailantei siku hizi," alisema.

Ndipo akaeleza, bila kupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Kwa Wamaasai jina la aliyekufa hufunikwa. Halitajwi bomani kwake, hasa la kijana, hasa mbele ya wazee. Kama kuna mwingine mwenye jina lilo hilo, hutafutiwa lingine. Yeye Tabitha ni mtu wa kanisa, mengine ameyaacha, lakini hilo moja hakuweza kuliacha, na mama mkwe wake ndiyo kabisa.

Nailantei alijua. Alipofungua ukurasa wa kwanza nusura akifunge kitabu, ila hakutaka kumnyima bibi hadithi, wala hakutaka kuiacha. Kwa hiyo alilifunika. Kila penye jina alisema "kijana", na koko akasikiliza kwa hamu, akimlaumu huyo kijana kwa kutosoma nyayo vizuri. Siku zikaenda. Hadithi ikanoga, fahali akaonekana, na Nailantei akasahau kwamba anafunika kitu. Wakafika mahali ambapo mama wa kijana, akiwa amekata tamaa, anasimama langoni jioni na kuita nyikani. Nailantei akainua kichwa akaita, kwa sauti yote, vile alivyozoea.

"Ledama! Ledama, njoo nyumbani!"

"Koko aligeuka akaangalia mlango," Tabitha alisema. "Aliangalia mlango, Mama Caro. Akangoja."

Mugure alitafuta kiti akaketi.

"Kwetu jina linarudi," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Nilidhani nawaletea kitu kizuri. Haki ya Mungu."

"Najua. Hata koko anajua. Lakini Nailantei anasema ni yeye aliita. Amekataa kusoma. Koko anakaa huku, msichana anakaa kule. Wanaangaliana tu."

Hilo ndilo lililomtafuna Mugure. Kuambiwa mjinga angevumilia. Alikuwa ameishi Kajiado zaidi ya nusu ya maisha yake, akajua kusalimia na kujua bei ya mbuzi, akadhani anawajua watu. Usilolijua ni usiku wa giza, na yeye aliingia giza hilo akitembea kifua mbele. Lakini kwamba mtoto amenyamaza kwa sababu ya kitabu alichompa yeye! Aliamua kwenda kuomba msamaha mwenyewe, na kumwomba kikongwe amshawishi msichana asome tena, chochote, hata kitabu cha mapishi.

Alibeba sukari na majani ya chai, akaenda Jumapili baada ya ibada. Hakubeba kitabu.

Koko alikuwa ameketi kivulini pa nyumba, mwembamba, masikio yenye shanga, macho yameingia ukungu. Nailantei alileta kiti, akasimama kando ili atafsiri.

"Takwenya," Mugure alisalimu.

"Iko," koko aliitikia, akamshika mkono, akakaa nao.

Mugure alisema yote aliyokuja nayo, hata machozi yakamtoka kabla hajamaliza. Nailantei aliyageuza maneno kwa Kimaa, macho chini. Kikongwe alisikiliza hadi mwisho.

"Anasema hana kinyongo na wewe," Nailantei alisema. "Anasema hadithi zimeisha kwake. Alikuwa amefika mahali analala usiku. Sasa kila jioni anasikia mtu langoni, na si mtu. Hataki tena."

"Na wewe?"

"Mimi nitachukua tu za revision, Auntie."

Mugure aliinamisha kichwa. Alikuwa amekuja kwa ajili ya hilo moja, na hilo moja limekataliwa kwa upole, bila ugomvi wowote wa kushikilia. Alitaka kuinuka aende zake. Lakini koko hakuwa ameuachia mkono wake, na akaanza kusema tena, polepole, akitua ili mjukuu afasiri.

Alisimulia habari za kijana wao. Kijana alikunywa maziwa akiwa amesimama, kamwe hakuketi. Alipiga mluzi akiwa na hofu. Yeye aliyelala nyikani penye fisi aliogopa kuku, na kuku akiingia nyumbani alipanda juu ya kitanda. Hapo Nailantei alicheka bila kutaka, kisha akafuta macho kwa mkono wa sweta. Kijana alipenda hadithi zenye sungura, na alipokuwa mdogo asingelala mpaka sungura amewashinda wote, hata kama bibi amechoka. Koko alisema mengi. Jina halikutajwa hata mara moja, na kijana alikuwa amejaa pale uani, mzima, miguu mirefu, maziwa mdomoni.

Kisha akamuuliza Mugure kitu. Nailantei alimtafsiria.

"Anasema amesikia kwa kilio chako kwamba wewe pia umezika mtoto. Anasema usimwambie jina." Msichana alimsikiliza bibi yake tena. "Anasema wewe ndiye unajua kila mtoto anapenda hadithi gani. Anauliza wako alipenda gani."

Jina lilikuja mbio, kama kawaida. Mugure alilizuia kwa meno. Akatafuta nyuma ya hilo jina. Kiama alikwenda bweni akiwa darasa la nne. Likizoni alibeba maboksi kibandani, akayapanga bila kunung'unika, na alipofungua kitabu Mugure alimwambia, usikunje hizo, ni za kuuza. Kulikuwa na kimoja alichokuwa akikirudia, alikisoma amechutama nyuma ya maboksi. Cha nini? Cha mapanga? Cha nyota? Aliona mgongo wa shati, akaona kisigino kilichopasuka, lakini jalada hakuliona. Watoto wote wa Kitengela walipita mbele yake, na huyu na cha kutisha, na yule na cha vichekesho, na kila mmoja angeweza kumtajia ukurasa. Alitafuta tena. Miaka yote hiyo amelitunza jina, amelifuta vumbi, amelipigania, na ndani yake hakuweka kitu.

Koko alingoja. Hakuwa na haraka.

"Nimwambie nini, Auntie?" Nailantei aliuliza.

"Mwambie sijui," Mugure alisema. "Mwambie sikuwahi kumuuliza."

Nailantei aligeuka kwa bibi yake, kisha akaacha kutafsiri. Alivuta kigoda, akaketi karibu na Mugure.