Mgongo wa Dashibodi

Sisi watu wa Kilwa Masoko tukikupa jina, hata uhamie Lindi litakutangulia stendi. Warda binti Mudathiri tulimwita Mremba, na hakuna aliyemwita hivyo kwa kumsifu.

Warda ni fundi wa boti za faiba. Miaka miwili iliyopita Mzee Shamte, mwenye boti ya kuvusha watu kwenda Kisiwani, alimletea dashibodi yenye nyufa, akataka imalizwe siku hiyo hiyo. Warda akaziba nyufa kwa puti, akapiga msasa, akapaka rangi nyeupe. Iling'aa, kila mtu akaisifu. Mwaka huu, katikati ya maji, nahodha Abilahi alikata kona na usukani ukabaki mikononi mwake, umeng'oka na kipande cha dashibodi. Abiria tisa wakazungushwa na mkondo mpaka wavuvi walipowavuta. Hawakudhurika, kwa hiyo tukapata cha kucheka: Warda kairemba dashibodi kama bibi harusi, kumbe nyuma imeoza! Hata mimi nilicheka, sijitakasi.

Mwingine angejifungia ndani. Warda alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mzee Shamte.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata dashibodi."

"Marahaba. Uirembe tena?"

"Niifumue."

Mzee alikubali kwa shingo upande. Jumamosi alikuwa na harusi ya mjukuu wake Kisiwani, na fundi mwingine wa karibu yuko Lindi. Akatoa sharti moja. "Ing'are. Wageni wanatoka Dar."

Warda aliilaza kifudifudi juu ya mapipa mawili, akatuita wote tuliokuwa pale ufukweni tuje kuona. Akachokonoa kwa mpini wa kijiko ubao uliokuwa nyuma ya usukani, ukamong'onyoka kama mkate uliolowa chai.

"Hii niliiona siku ile, nikaifunika," akasema kwa sauti. "Ugonjwa ulikuwa mgongoni, mimi nikahangaika na uso. Haya, chekeni sasa."

Mimi niliona haya.

Akajifunga kanga puani, akawasha grenda, akaondoa uozo wote huku vumbi la faiba likimuwasha mpaka shingoni. Aliweka ubao mpya na kuulowesha gundi kila ukingo na kila tundu la bolti, maji yasipate pa kuingilia. Kisha kitambaa cha faiba, gundi, kitambaa tena, tabaka tano, akikandamiza kila kipovu kitoke. Dawa ya kugandisha aliipima kwa bomba la sindano. Wengi hapa hukadiria kwa jicho, na kwa jua letu gundi huwagandia kwenye kopo. Mwisho akafunga usukani kwa bolti ndefu na kuzikaza kwenye bamba la chuma kwa nyuma.

Ijumaa, dashibodi ikiwa imesharudishwa botini pale ufukweni, Mzee Shamte akaja na Abilahi. Mbele ya dashibodi, palipong'oka, palikuwa na kiraka kikubwa cha kahawia, rangi ya gundi tupu.

"Rangi iko wapi?"

"Sipaki, mzee. Ufa ukirudi, nataka Abilahi auone siku ya kwanza. Rangi ndiyo iliyonisaidia kudanganya."

"Wageni wangu wakiuliza?"

"Waambie Mremba kakataa kuremba."

Mzee alifoka. Akaapa kwamba Warda hatagusa tena chombo chake, na kwamba rangi ataipaka fundi yeyote, hata wa milango.

"Apake," Warda akajibu, mikono kiunoni. "Lakini mikononi mwangu haitoki na rangi."

Abilahi akaushika usukani kwa mikono miwili, akaning'inia miguu ikiwa hewani. Haukutikisika. "Ikiwa hivi naendesha, mzee," akasema. "Ikipakwa, tafuta nahodha mwingine."

Jumamosi Warda alivaa gauni lake la sikukuu, akapanda boti pamoja nasi waalikwa na kukaa benchi la mbele kabisa. Hakualikwa na mtu. Kwenye mkondo ule ule wimbi likatupiga ubavuni, boti ikalala, wanawake tukapiga kelele. Abilahi akakata kona kwa nguvu zake zote. Mzee Shamte, na kanzu yake nyeupe, akaruka kutoka alipoketi, akakumbatia kilichokuwa karibu: kile kiraka cha kahawia.

"Shika tu, mzee," Warda akamwambia. "Hapo hapajarembwa."